Kisiki Bado Kina Kazi: Namna ya Kushughulikia Visiki na Mizizi Baada ya Kukata Mti

Katika kihamba cha wazazi wa mwandishi wa makala haya ulikuwapo mruka mkubwa, uliosimama juu ya ukingo wa mfongo. Ulikatwa kwa sababu ya msingi: matawi yake yalikuwa yamefika juu ya paa la nyumba. Mbao zilipatikana, kuni zilipatikana, na kisiki kikaachwa mahali pake. Mwaka wa kwanza hakuna kilichotokea. Mwaka wa pili ulikuwa vilevile. Katika masika ya mwaka wa tano, ukingo ulikatika usiku, ukashuka na migomba minane na kuziba mfongo. Kaya zilizo upande wa chini zilikosa maji kwa siku kadhaa, na wazee wa mfongo wakaitisha kazi ya pamoja ya kuuzibua.

Siku ile kila mtu aliilaumu mvua. Ni kweli mvua ilikuwa kubwa. Lakini katika udongo ulioporomoka ilionekana mizizi ya mruka ule, imeoza na kukatika mkononi kama muhogo uliochemshwa kupita kiasi. Mti ulikatwa kwa siku moja. Mizizi yake ilichukua miaka mitano kuacha kazi ya kushika udongo. Katika miaka hiyo mitano hakuna aliyepanda mti mwingine wa kuipokea kazi hiyo.

Wananchi wengi wanaofika katika ofisi za vijiji na kata kuomba kukata mti huuliza kuhusu kibali, mbao na usafirishaji. Ni wachache wanaouliza kuhusu kisiki. Makala haya yanaeleza kwa nini swali la kisiki linapaswa kutangulia, na namna ya kulijibu kulingana na mahali mti uliposimama, aina ya mti wenyewe na matumizi ya ardhi baada ya mti kuondoka.

Kinachotokea chini ya ardhi

Watu wengi hudhani kuwa mizizi ya mti huenda chini sana, kama vile mti umegeuzwa juu chini. Hali halisi ni tofauti. Sehemu kubwa ya mizizi hukaa katika udongo wa juu, usiozidi mita 1 hivi kwenda chini, na husambaa pembeni kupita kivuli cha matawi. Mizizi hiyo hufanya kazi mbili kubwa. Kwanza, hushika udongo kama nyuzi zinavyoshika kitambaa. Pili, huhifadhi chakula cha mti, hasa wanga, ambacho mti hukitumia wakati wa ukame au unapochipua upya.

Mti ukikatwa, kazi hizo mbili hazikomi siku hiyo hiyo. Chakula kilichohifadhiwa kinaweza kwenda njia mojawapo kati ya tatu. Mti wenye tabia ya kuchipua utakitumia kutoa machipukizi. Mti usiochipua utaoza taratibu, na udongo utanufaika na mboji yake. Njia ya tatu ndiyo ya hasara: chakula hicho kinaweza kuwa akiba ya kuvu wanaosababisha ugonjwa wa mizizi, ambao hushiba katika kisiki kisha wakahamia kwenye mibuni na miti mingine ya jirani.

Nguvu ya kushika udongo nayo hupungua kidogo kidogo. Mizizi midogo, ambayo ndiyo mingi, huoza kwanza, mikubwa hufuata. Tafiti zilizofanywa katika miteremko ya Japani, Nyuzilandi na Marekani zinaonyesha kuwa mteremko uliokatwa miti huwa dhaifu zaidi kati ya mwaka wa 3 na wa 15 baada ya kukata, yaani wakati mizizi ya zamani imekwisha kuoza na mizizi ya miti mipya haijapata nguvu ya kutosha. Penye joto na unyevunyevu mwingi, kuoza huja mapema zaidi. Hii ndiyo sababu hatari huja wakati mwenye shamba amekwisha kuusahau mti aliokata.

Mkoa wetu unafahamu gharama ya udongo kuporomoka. Novemba 2009, katika eneo la Goha, Wilaya ya Same, maporomoko yaliyofuata mvua kubwa yaliua zaidi ya watu 20. Maporomoko huwa na sababu zaidi ya moja, na mvua kubwa haiwezi kuzuiwa na mtu. Lakini mizizi iliyo hai katika mteremko ni kinga ambayo mwenye kihamba anaweza kuilinda kwa mikono yake mwenyewe.

Maswali matatu kabla ya shoka

Kabla ya kumwita fundi wa msumeno wa mnyororo, mwananchi anashauriwa kujibu maswali matatu.

Swali la kwanza: mti umesimama wapi? Mti ulio kwenye tambarare ya shamba ni jambo moja. Mti ulio kwenye mteremko, ukingo wa mfongo, korongo, kando ya barabara au karibu na msingi wa nyumba ni jambo jingine.

Swali la pili: ni mti wa aina gani? Mkaratusi, mjakaranda, mjohoro, mwarobaini na mlusina huchipua kwa nguvu baada ya kukatwa. Misonobari na misaiprasi, inayopandwa kwa wingi katika mashamba ya miti ya Kilimanjaro Magharibi na Rongai, haichipui kutoka kwenye kisiki. Mgrivea mkubwa uliokatwa chini kabisa mara nyingi hauchipui vizuri, ingawa huvumilia sana kupunguzwa matawi.

Swali la tatu: ardhi hiyo itatumika kwa nini baada ya mti kuondoka? Kama ni kujenga nyumba, kisiki hakiwezi kubaki. Kama ni kupanda mibuni, afya ya mizizi ndiyo inayotangulia. Kama ni kupanda mti mwingine au majani ya ng'ombe, mara nyingi hakuna haja ya kung'oa chochote.

Majibu ya maswali haya yanaamua hata urefu wa kukatia mti. Mwenye nia ya kung'oa kisiki hapaswi kukata mti usawa wa ardhi, kwa sababu atakuwa amejinyima mpini wa kukivutia. Mwenye nia ya kukiacha hapaswi kukiacha kirefu, kwa sababu kitakuwa kizuizi njiani. Mti ukishaanguka, maamuzi haya hayawezi kurudiwa.

Visiki vya kuacha

Kanuni ya kwanza kwa wakazi wa mteremko ni hii: kisiki kilicho kwenye mteremko mkali, kwenye ukingo wa mfongo au kando ya korongo kiachwe ardhini. Kuking'oa ni kufungua shimo katika mahali palepale ambapo udongo unahitaji kushikwa, na mvua ya kwanza ya masika itaingia humo.

Kuacha kisiki hakumaanishi kukisahau. Mti wa kupokea kazi yake unapaswa kupandwa mapema, ikiwezekana msimu mmoja au miwili kabla ya mti mkubwa kukatwa, hatua mbili au tatu kutoka kwenye shina. Wakati mizizi ya zamani inapoanza kuoza, mizizi mipya itakuwa imekwisha kuingia ardhini. Miti ya asili iliyozoeleka vihambani, kama mringaringa, mruka na msesewe, inafaa kwa kazi hii. Kati ya miti hiyo, majani ya guatemala au majani ya tembo yakipandwa kwa mistari inayokatiza mteremko hushika udongo wa juu haraka, na humpa ng'ombe wa zizini malisho.

Ukingo wa mfongo unahitaji uangalizi wa ziada. Mzizi mnene ukioza, huacha tundu refu kama bomba. Tundu hilo likianzia ndani ya mfongo na kutokea upande wa pili wa ukingo, maji hupita humo kidogo kidogo, yakibeba udongo, hadi siku ukingo unapokatika. Kwa hiyo kila kisiki kilicho kando ya mfongo kikaguliwe kabla ya masika na baada yake. Ukiona udongo unaolowa upande wa nje wa ukingo wakati hakuna mvua, au kijito kidogo cha maji yenye tope, toa taarifa kwa wazee wa mfongo mara moja. Tundu lichimbuliwe hadi mwisho wake, lijazwe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kiasi na kushindiliwa kwa tabaka. Kuziba mdomo wa tundu kwa jiwe na majani ya mgomba huficha tatizo bila kuliondoa.

Wazee wetu waliujenga mfumo wa kihamba kwa kupanga miti, migomba, mibuni na mazao ya chini katika ngazi zinazosaidiana. Watafiti wamehesabu zaidi ya spishi 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, vilivyoenea kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu duniani. Mfumo huo umedumu kwa sababu mti mmoja ulipoondoka, mwingine ulikuwa tayari umesimama karibu yake.

Visiki vinavyochipua

Kisiki kinachochipua kinaweza kuwa faida au usumbufu, kutegemea nia ya mwenye shamba.

Mwenye kutaka kuni, fito au nguzo anaweza kukitumia kisiki cha mkaratusi kupata mavuno mapya bila kupanda tena. Mti ukatwe kwa msumeno wenye meno makali, kwa urefu wa sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, na mkato uwe na mlalo kidogo ili maji ya mvua yasituame juu yake. Gome lisichanike, kwa kuwa machipukizi hutoka chini ya gome. Machipukizi yakifika urefu wa mtu au karibu yake, chagua mawili au matatu yaliyonyooka na kushikamana vizuri na kisiki, kisha ondoa mengine yote. Kuyaacha yote ni kupata kichaka cha vijiti visivyofaa kwa nguzo wala kuni.

Ikumbukwe kuwa mkaratusi hutumia maji mengi na haufai kuwa karibu na chemchemi au chanzo kingine cha maji. Kisiki chake kilicho katika eneo kama hilo kisitunzwe ili kichipue. Kidhoofishwe hadi kife, na pembeni yake ipandwe miti rafiki wa maji, kama mkuyu.

Mwenye kutaka kisiki kife bila dawa anahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Bandua gome lote kuanzia juu ya kisiki hadi chini kidogo ya usawa wa ardhi. Kisha kata kila chipukizi linapofika urefu wa kiganja, kabla majani yake hayajaanza kurudisha chakula kwenye mizizi. Kila chipukizi linalokatwa mapema ni akiba iliyotumika bila kurejeshwa. Kwa miti mingi, kazi hii ikifanywa bila kuruka mwezi, kisiki huchoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kukifunika kwa udongo mwingi au turubai jeusi husaidia kuzuia mwanga.

Dawa za kuua magugu hutumiwa pia, lakini zina masharti. Dawa hupakwa kwa brashi juu ya mkato mbichi, muda mfupi baada ya kukata, kwenye duara la nje lililo karibu na gome. Hapo ndipo penye sehemu hai ya shina. Katikati ya kisiki ni mti mkavu usiopitisha dawa. Dawa isinyunyiziwe hewani, isitumike karibu na mfongo, mto au kisima, na isitumike ikiwa mvua inakaribia. Tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania pekee, vaa glavu, na fuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye chombo chake. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda na kuuzwa bila maelezo isinunuliwe.

Visiki vya kung'oa

Kuna visiki ambavyo havina budi kuondolewa: vilivyo mahali pa kujenga, vilivyo katikati ya shamba la kulimwa kwa trekta, na vile vilivyoshikwa na ugonjwa wa mizizi. Katika kata za ukanda wa chini, kama Mabogini, Kahe na Arusha Chini, ipo sababu nyingine: kisiki kinachooza karibu na ukuta wa nyumba huvuta mchwa, na mchwa hawaishii kwenye kisiki.

Mashine za kusaga visiki zinazotumika katika nchi nyingine hazipatikani kwa urahisi huku kwetu, na njia za vihambani haziruhusu mitambo mikubwa kupita. Kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa sululu, sepetu, mtaimbo, shoka na kamba. Utaratibu unaoshauriwa ni huu:

1. Fanya kazi wakati wa kiangazi. Mwanzoni mwa Juni, baada ya masika, udongo bado una unyevu unaorahisisha kuchimba, na kuna miezi kadhaa ya kujaza shimo na kulishindilia kabla ya vuli.

2. Jiridhishe na kilichopo chini ya ardhi. Uliza mamlaka ya maji kuhusu mabomba na Shirika la Umeme kuhusu nyaya. Uliza wazee wa ukoo kuhusu makaburi, kwa kuwa katika vihamba vingi wapendwa wetu wamezikwa nyumbani, na si kila kaburi la zamani lina alama. Kama mti umesimama kwenye mpaka, zungumza na jirani kabla ya kuanza. Masale yaliyopandwa mpakani yasiguswe bila makubaliano ya pande zote mbili mbele ya mashahidi.

3. Kata mti huku ukiacha shina la urefu wa mita 1 hadi 1.5. Shina hilo ndilo mpini wa kazi.

4. Chimba mtaro kuzunguka shina, umbali wa nusu mita hadi mita 1 kutegemea ukubwa wa mti. Ondoa udongo kwenye kila mzizi kabla ya kuukata, kwa sababu udongo na mawe huharibu makali ya shoka. Kata kila mzizi mara mbili na utoe kipande cha katikati, ili upate nafasi ya kuchimba zaidi.

5. Funga kamba juu ya shina na uvute kwa zamu kutoka pande tofauti. Kisiki kikianza kucheza, tafuta mzizi unaokishikilia na uukate. Kamba iwe ndefu mara mbili ya shina au zaidi. Mtu yeyote asisimame upande wa chini wa mteremko, kwa kuwa kisiki kikubwa kinaweza kuviringika, na watoto wakae mbali kabisa.

6. Jaza shimo kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuongeza nyingine. Malizia kwa kifusi kilichoinuka kidogo, kwa sababu udongo utashuka. Panda majani juu yake. Penye kujengwa, usiweke msingi juu ya shimo lililojazwa bila ushauri wa mhandisi au fundi mwenye ujuzi.

Mizizi iliyopita chini ya nyumba isivutwe. Kuivuta kunaweza kutikisa msingi na kuacha uwazi chini yake. Ikate umbali wa mita 1 hivi kutoka ukutani, iache iliyo chini ya nyumba ioze polepole, na uangalie kama nyufa zinatokea kwenye kuta katika miaka inayofuata.

Kahawa na ugonjwa wa mizizi

Kwa mkulima wa kahawa, kisiki ni suala la afya ya shamba lote. Kuna kuvu waitwao Armillaria, wanaojulikana katika mashamba ya kahawa na chai ya Afrika Mashariki, ambao huishi katika mizizi na visiki vya miti iliyokatwa. Huko hujijenga kwa chakula kilichobaki, kisha huhamia kwenye mibuni pale mizizi inapogusana.

Dalili zake zinatambulika. Mbuni hunyauka, majani hugeuka njano na kupukutika, kisha mmea hufa. Baada ya muda jirani yake hufuata, hadi doa la mibuni iliyokufa linapanuka kutoka kwenye kisiki cha zamani. Ukibandua gome la mbuni usawa wa ardhi, utaona utando mweupe uliosambaa kama kipepeo cha mkono, wenye harufu ya uyoga. Wakati wa mvua, uyoga wa rangi ya asali unaweza kuota chini ya shina.

Katika miaka ya 1930, mtafiti aitwaye R. Leach, aliyefanya kazi Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alieleza njia rahisi ya kujikinga. Badala ya kukata mti ukiwa na afya, gome lake hubanduliwa kwanza kuzunguka shina lote. Maji huendelea kupanda kutoka kwenye mizizi, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hakiwezi tena kushuka. Mizizi hutumia akiba yake ya wanga hadi inaisha, na mti hufa wenyewe ndani ya mwaka mmoja, miwili au zaidi kidogo. Ukikatwa baada ya hapo, kuvu wa ugonjwa hukuta ghala tupu. Njia hii imetumika kwa muda mrefu katika mashamba ya chai ya ukanda huu.

Mkulima anayepanga kuondoa mti wa kivuli katikati ya mibuni anaweza kuitumia njia hii, kwa tahadhari moja kubwa: mti unaokauka ukiwa umesimama huangusha matawi. Njia hii isitumike karibu na nyumba, zizi, njia ya wapita kwa miguu wala nyaya za umeme.

Pale ugonjwa ulipokwisha kuingia, kisiki na mizizi yote yenye unene wa kidole au zaidi ichimbuliwe, ikaushwe juani na kutumika kama kuni palepale nyumbani. Isigawiwe kwa majirani wala kusafirishwa kupita katika mashamba mengine. Mibuni yenye dalili iondolewe pamoja na mizizi yake. Kwa ushauri wa aina za kahawa na muda wa kusubiri kabla ya kupanda upya, wakulima wawasiliane na Afisa Ugani wa kata, au wafike Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania iliyopo Lyamungu, Wilaya ya Hai.

Njia zisizofaa

Zipo njia za mkato ambazo bado zinatumika katika jamii yetu, na zote zina gharama kubwa kuliko kisiki chenyewe.

Ya kwanza ni kuchoma kisiki. Moto huingia kwenye mizizi mikavu, ukafuka chini kwa chini kwa siku nyingi na kutokea mahali pengine, wakati mwenye shamba anaamini umekwisha kuzimika. Tulioushuhudia mlima ukiwaka Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022 tunajua ugumu wa kuuzima moto wakati wa ukame. Mioto ile haikutokana na visiki, lakini somo lake ni letu sote. Zaidi ya hayo, moto huua viumbe hai wa udongo, na mahali pale hubaki bila rutuba kwa muda.

Ya pili ni kumwaga oili chafu, petroli, chumvi nyingi au maji ya betri kwenye kisiki. Vitu hivi huharibu udongo na kuua migomba iliyo karibu kabla ya kuua mti. Petroli inaweza kulipuka na kumjeruhi anayeimwaga. Kwa kuwa tunaishi kwenye mteremko, kinachomwagwa katika kihamba cha juu hushuka na maji ya mvua hadi kwenye mfongo wa kihamba cha chini, ambako mtu mwingine anachota maji ya ng'ombe na ya mboga.

Sheria na huduma

Kila mwananchi anapaswa kuanzia katika Ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji kabla ya kukata mti, hata ulio katika ardhi yake. Kutoka hapo ataelekezwa kwa Afisa Misitu kuhusu kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Mambo manne yazingatiwe:

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zenye kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kung'oa visiki katika eneo hilo kunaweza kukuingiza katika kosa.

Msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hauguswi, pamoja na visiki vyake.

Mti au kisiki kilicho katika hifadhi ya barabara ni suala la TARURA au TANROADS, kulingana na aina ya barabara.

Mti unaogusa au kukaribia nyaya za umeme usikatwe na mwananchi. Toa taarifa TANESCO.

Maafisa Ugani wa kata, pamoja na wataalamu wa misitu na mazingira wa Halmashauri, wanaweza kukusaidia kutambua aina ya mti, dalili za ugonjwa wa mizizi na miche inayofaa kwa eneo lako. Inashauriwa kuwaona wakati mti bado umesimama, kwa kuwa hapo ndipo ushauri wao una manufaa makubwa zaidi.

Tumezoea kusema, kata mti, panda miti. Kwa wakazi wa mteremko wa Kilimanjaro mpangilio huo ugeuzwe: panda kwanza, subiri mche ushike, kisha kata. Na kama katika kihamba chako kipo kisiki cha mti uliokatwa miaka mitatu au minne iliyopita, kitembelee wiki hii kabla ya mvua zijazo. Kipime kwa mtaimbo, angalia udongo ulio chini yake, na panda kitu pembeni yake.